Saratani ya ini: Kinga hufundishwa, hainunuliwi kwenye kopo

Mwanza. Mgonjwa anayetoka Sengerema au Geita kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando hupita njia panda ya Usagara, wilayani Misungwi. Zamani safari hiyo ilitegemea ratiba ya kivuko. Tangu Juni 19, 2025, lilipozinduliwa Daraja la JP Magufuli lenye urefu wa kilometa 3 kati ya Kigongo na Busisi, kuvuka maji ni suala la dakika chache.

Lakini ipo safari nyingine ambayo daraja halijaifupisha. Ni ya mtu mwenye maumivu chini ya mbavu za kulia, anayeambiwa na jirani kuwa “kinga imeshuka”. Ananunua kopo la unga wa mizizi. Likiisha ananunua la pili. Anapofika hospitali, tumbo limejaa maji, macho yamekuwa ya njano na suruali inamvuka kiunoni.

Mwaka 2014 madaktari wa Bugando, wakiongozwa na Dk Hyasinta Jaka, walichapisha utafiti wa wagonjwa 142 wa saratani ya ini waliotibiwa hospitalini hapo. Takribani thuluthi mbili walikuwa na maambukizi ya virusi vya homa ya ini aina ya B. Wanaume walikuwa wengi kuliko wanawake kwa zaidi ya mara mbili, na sehemu kubwa ya wagonjwa walifika ugonjwa ukiwa umeshasambaa.

Hawa hawakuwa wazee tu. Wengi walikuwa watu wa umri wa kulea na kusomesha watoto, wale ambao nyumba nzima inawategemea.

Swali ambalo familia nyingi hujiuliza ni hili: Je, mwili unaweza kusaidiwa kupambana na saratani ya ini? Jibu la sayansi ni ndiyo. Ila namna unavyosaidiwa si ile inayotangazwa kwa kipaza sauti kwenye stendi na magulio.

Ini na walinzi wake

Ili kuelewa, ni vizuri kuanza na ini lenyewe. Karibu robo tatu ya damu inayoingia kwenye ini hutoka tumboni, hasa kwenye utumbo. Damu hiyo hubeba virutubisho vya chakula, lakini pia mabaki ya bakteria na vitu vingine vingi ambavyo mwili haujawahi kuviona.

Kama askari wa kinga waliopo kwenye ini wangepiga kila kigeni kinachopita, ini lingekuwa kwenye vita asubuhi hadi jioni na lingeharibika lenyewe. Kwa hiyo askari hao wamezoea kuvumilia. Wanatazama mengi na kuyaacha yapite.

Uvumilivu huo una faida, lakini una hasara yake. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kujificha humo miaka mingi. Seli iliyogeuka kuwa ya saratani nayo inaweza kukua bila kukamatwa.

Ndiyo maana watafiti wengi duniani wamekuwa wakijiuliza: Tunawezaje kuwaamsha walinzi wa ini? Na kama ilivyo kwa dawa nyingi, majibu ya kwanza yametoka kwa panya wa maabara.

Panya waliopungukiwa na uvimbe

Mwaka 2018, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, katika maabara inayoongozwa na Dk Tim Greten, walichapisha kwenye jarida la Science matokeo yaliyowashangaza wengi.

Waliwapa panya wenye uvimbe wa saratani kwenye ini dawa za antibayotiki zinazoua bakteria wa utumbo. Panya hao walipata uvimbe mdogo na michache kuliko wenzao ambao hawakupewa dawa. Ilikuwa hivyo kwa saratani iliyoanzia kwenye ini na pia kwa ile iliyosambaa hadi kwenye ini kutoka sehemu nyingine ya mwili.

Antibayotiki haziui saratani. Nini kilitokea?

Watafiti waligundua kuwa jibu lipo kwenye nyongo. Ini hutengeneza asidi za nyongo na kuzimwaga kwenye utumbo ili kusaidia kuyeyusha mafuta. Huko, baadhi ya bakteria huzibadilisha kuwa asidi za aina nyingine, ambazo sehemu yake hurudi tena kwenye ini.

Bakteria hao walipouawa, asidi za nyongo zilibaki katika hali yake ya mwanzo. Asidi hizo zilizifanya seli zinazozunguka mishipa midogo ya damu ndani ya ini zitoe ishara ya kemikali, mithili ya filimbi ya mgambo. Askari wa aina fulani ya seli nyeupe za damu walisikia, wakakusanyika kwenye ini kwa wingi na kushambulia uvimbe.

Kwa maneno mengine, bakteria wa utumbo, kupitia nyongo, walikuwa wanaamua askari wangapi wafike kwenye ini.

Hapa msomaji atulie kidogo. Habari hii haimaanishi kuwa mtu anunue antibayotiki dukani ili ajikinge na saratani ya ini. Panya hao walikuwa chini ya uangalizi, kwa dozi na muda uliopangwa. Kwa binadamu, kumeza antibayotiki ovyo huua bakteria wenye faida, huweza kuleta kuhara kukali na huzalisha usugu wa dawa, tatizo ambalo hospitali zetu tayari linazisumbua.

Panya waliozidishiwa uvimbe

Miaka mitatu baadaye, mwaka 2021, hadithi ya pili ilitoka Ujerumani. Timu ya Profesa Mathias Heikenwalder ya Kituo cha Utafiti wa Saratani mjini Heidelberg ilichapisha kwenye jarida la Nature utafiti wa panya waliokuwa na ini lenye mafuta na lililovimba kwa ndani.

Ili kuelewa walichofanya, kumbuka kwamba askari wa kinga wana breki. Breki hizo huwazuia wasishambulie mwili wenyewe. Saratani imejifunza ujanja wa kuzikanyaga breki hizo ili askari wasimame. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japan walipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2018 kwa kuonyesha kuwa breki hizo zikiachiwa, askari wanarudi kazini. Kazi yao nayo ilipitia kwa panya.

Watafiti wa Heidelberg waliwapa panya wenye ini la mafuta dawa ya kuachia breki, wakitarajia uvimbe upungue. Kilichotokea ni kinyume: Panya waliotibiwa walipata saratani zaidi. Askari waliokuwa wamejazana kwenye ini hilo lililochoka hawakushambulia uvimbe, bali waliliumiza ini lenyewe, na ini linaloumia na kujitengeneza upya kila mara ndilo linaloota saratani.

Timu hiyo ilikwenda mbele na kupitia matokeo ya wagonjwa zaidi ya 1,600 wa saratani ya ini waliokuwa kwenye majaribio ya dawa za namna hiyo. Wale ambao saratani yao haikutokana na virusi hawakunufaika kama wale waliokuwa na virusi vya homa ya ini.

Ukiweka hadithi hizi mbili pamoja, unapata somo moja muhimu kwa familia. Kinga si maji kwenye ndoo kwamba ukiongeza lita moja umefaidika. Askari wakiwa wengi lakini hawajui adui ni nani, wanaweza kubomoa nyumba waliyotumwa kuilinda.

Na hilo si la panya pekee. Kwa mtu mwenye homa ya ini B, sehemu kubwa ya madhara kwenye ini hailetwi na virusi vyenyewe. Huletwa na kinga ya mwili inayoshambulia seli za ini zilizovamiwa, mwaka baada ya mwaka, hadi ini linapata makovu. Mtu wa namna hiyo anapoambiwa “ongeza kinga” kwa unga usiojulikana, na wakati mwingine mitishamba hiyo yenyewe huweza kuliumiza ini, anauziwa hatari.

Tiba imefika wapi

Dawa za kuachia breki zimeshafika kwa binadamu. Mwaka 2020, jarida la The New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya jaribio la wagonjwa 501 wa saratani ya ini isiyoweza kuondolewa kwa upasuaji. Baada ya mwaka mmoja, kati ya kila wagonjwa 100 waliopewa mchanganyiko wa dawa mbili, atezolizumab na bevacizumab, takribani 67 walikuwa hai. Kwa waliopewa dawa ya zamani, sorafenib, walikuwa takribani 55.

Ni hatua kubwa kwa ugonjwa ambao kwa miaka mingi ulikuwa na dawa chache. Hata hivyo, ni dawa za gharama kubwa mno, hutolewa kwa dripu kila baada ya wiki tatu, na zinahitaji mgonjwa ambaye ini lake bado lina nguvu. Mgonjwa anayefika akiwa na tumbo lililojaa maji mara nyingi ameshapitwa na nafasi hiyo.

Kwa familia ya Usagara, Magu au Ukerewe, kuna njia ya kinga ambayo ni rahisi zaidi, imethibitishwa kwa binadamu na ipo kwenye zahanati. Ni chanjo.

Chanjo ni shule ya askari

Chanjo ya homa ya ini B inayotumika leo imetengenezwa kwa hamira, ndugu wa ile ya kuumulia maandazi. Hamira hiyo imewekewa maelekezo ya kutengeneza kipande kimoja tu cha ganda la nje la kirusi. Hakuna kirusi ndani ya chanjo, kwa hiyo haiwezi kumwambukiza mtu.

Askari wa kinga wakionyeshwa kipande hicho mara tatu, wanakikariri. Siku kirusi chenyewe kikiingia, wanakitambua na kukiondoa kabla hakijafika kwenye ini na kujificha. Bila kirusi, chanzo kikubwa cha saratani ya ini kinakosekana.

Ushahidi wake uko wazi. Taiwan ilianza mpango wa kuwachanja watoto wachanga mwaka 1984. Watafiti wa huko walipolinganisha takwimu, waliona kuwa saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 imeshuka kutoka wagonjwa 0.70 kwa kila watoto 100,000 kabla ya chanjo hadi 0.36 katika miaka ya 1990 hadi 1994. Yaani karibu nusu. Ilikuwa mara ya kwanza chanjo kuonyeshwa ikizuia saratani kwa binadamu.

Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini B kwenye ratiba ya watoto mwaka 2002. Leo imo ndani ya sindano ambayo akina mama kliniki huijua kama Penta, inayokinga magonjwa matano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B na bakteria wanaosababisha kichomi na homa ya uti wa mgongo. Mtoto huchomwa akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14.

Mama anayeacha dozi ya tatu kwa sababu mtoto alichemka baada ya ile ya pili anamwacha mtoto na askari waliosoma nusu darasa. Homa ndogo baada ya sindano ni ya kawaida na hupita.

Pengo lipo kwa wazazi

Fanya hesabu ndogo ya nyumbani. Mtoto aliyezaliwa baada ya mwaka 2002 na kumaliza kliniki ana kinga. Baba na mama waliozaliwa kabla ya hapo, chanjo hiyo haikuwepo kwenye kadi zao. Ndani ya nyumba moja, wanaolelewa wamekingwa na wanaolea hawajakingwa.

Pengo la pili ni siku ya kuzaliwa. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kumpata mtoto wakati wa kujifungua, wiki 6 kabla hajafika kwenye Penta ya kwanza. Na umri una maana kubwa hapa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, karibu watoto 95 kati ya 100 wanaoambukizwa wakiwa wachanga hubaki na virusi maishani, wakati kwa watu wazima ni chini ya 5 kati ya 100. Kinga ya kichanga bado ni changa. Badala ya kupigana na kirusi, inakizoea.

Kwa sababu hiyo, WHO inapendekeza mtoto apate dozi ya kwanza ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, na kila mjamzito apimwe. Mjamzito mwenye virusi vingi anaweza kupewa dawa ya tenofovir ili kumpunguzia mtoto hatari. Kunyonyesha hakukatazwi.

Mjamzito anayekwenda kliniki ana haki ya kuuliza: “Nesi, kipimo cha homa ya ini nacho kimo?” Baba aliyemsindikiza apime pia, maana virusi hivi huambukizwa kwa kujamiiana, kwa damu, kwa wembe na mswaki wa kuchangia, na kwa vifaa vya kutogea au kuchanjia visivyochemshwa. Havipatikani kwa kula sahani moja, kukumbatiana wala kupeana mkono.

Ukikutwa navyo

Kipimo cha kwanza ni tone la damu na majibu hutoka papo hapo. Wanaochangia damu nao hupimwa homa ya ini, na baadhi ya watu hugundua hali yao kwa njia hiyo.

Majibu yakionyesha huna virusi na hujachanjwa, dozi za mtu mzima ni tatu: siku ya kwanza, baada ya mwezi mmoja na baada ya miezi 6.

Majibu yakionyesha unavyo, chanjo haitakusaidia, lakini huo si mwisho. Daktari atarudia kipimo baada ya miezi 6 kujua kama maambukizi yamekuwa ya kudumu. Si kila mwenye virusi anahitaji dawa mara moja. Anayehitaji hupewa tenofovir, kidonge kimoja kwa siku, ambacho huvituliza virusi na kupunguza uwezekano wa makovu na saratani.

Anayeishi na Virusi vya Ukimwi na homa ya ini B kwa pamoja asiache dawa zake ghafla. Tenofovir na lamivudine zilizomo kwenye dawa nyingi za kufubaza Virusi vya Ukimwi ndizo pia zinazozuia homa ya ini, na zikikatishwa ini linaweza kuwaka upya.

Mwenye hatari kubwa, hasa aliyekwisha pata makovu kwenye ini, anatakiwa kufanyiwa altrasaundi kila miezi 6. Uvimbe ukionekana ukiwa mdogo, daktari anaweza kuukata, kwa kuwa ini ni kiungo kinachoweza kuota tena baada ya sehemu yake kuondolewa. Ukisubiri hadi maumivu, nafasi hiyo hupungua.

Maadui wengine kando ya ziwa

Chanjo inamzuia adui mmoja, ila ini la mkazi wa kando ya Ziwa Victoria lina maadui zaidi.

Wa kwanza ni kichocho cha tumbo, kinachopatikana kwa wanaoingia kwenye maji ya ziwa kuvua, kufua na kuoga. Mayai ya minyoo hiyo hunasa kwenye ini na kuleta makovu, na mgonjwa huweza kuvimba tumbo au kutapika damu. Dawa yake, praziquantel, ipo na hutolewa pia shuleni katika kampeni. Kwa kuwa dalili zinafanana, mwenye tumbo kubwa asihukumiwe kuwa ni kichocho, wala kuwa amelogwa, kabla ya kupimwa.

Wa pili ni sumukuvu, inayotokana na ukungu kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa kiasi kidogo haiui leo wala kesho, lakini kwa mtu mwenye homa ya ini B huongeza maradufu hatari ya saratani. Kausha mahindi juu ya turubai, yahifadhi yakiwa makavu, na karanga zilizooza au kubadilika rangi zitupe. Kuzisaga au kuzipika hakuondoi sumu.

Wa tatu ni pombe, hasa inayonywewa kwa wingi kila siku. Na wa nne, anayekuja kwa kasi mijini, ni unene na kisukari vinavyojaza mafuta kwenye ini, kama ilivyokuwa kwa panya wa Heidelberg.

Kila Julai 28 dunia huadhimisha Siku ya Homa ya Ini, tarehe aliyozaliwa Baruch Blumberg, mwanasayansi wa Marekani aliyegundua kirusi cha homa ya ini B na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Lakini zahanati haisubiri Julai. Familia inayokwenda kumchanja mtoto wiki hii inaweza kuuliza siku hiyohiyo wapi baba, mama na dada wa kazi wanaweza kupimwa, na fedha ya kopo la unga ikawa nauli.